Kutoa Video Kwenye DVD Ili Uihariri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lamu

Nyumba nyingi za Lamu zina droo au kasha lenye DVD: arusi za ndugu, zefe la Maulidi, mashindano ya majahazi, mbio za punda, hafla za madrasa. Kamera zilizorekodi mambo hayo zilikwisha kazi zamani, na kompyuta nyingi zinazouzwa leo hazina hata mahali pa kutia diski. Wale watoto waliokuwa wakikimbizana ukumbini sasa ni watu wazima, na ndio wanaotaka kukata, kuunganisha na kutengeneza filamu ya familia. Haya ndiyo maswali wanayoniletea na majibu ninayowapa. Kama huna muda wa kusoma yote, soma jibu la pili na lile linalohusu video za wanawake.

Kwa nini nisichukue faili zilizomo kwenye DVD nikazitia moja kwa moja kwenye programu ya kuhariri?

Fungua DVD kwenye kompyuta utaona folda inayoitwa VIDEO_TS. Ndani yake mna faili za VOB, IFO na BUP. Video yenyewe iko kwenye VOB, na hakuna VOB inayozidi GB 1. Kwa hiyo arusi ya saa mbili hukatwa vipande vinne au vitano, na ukataji huo haujali kinachoendelea: kipande kinaweza kwisha katikati ya neno la kadhi. Faili yenye sifuri mwishoni, kama VTS_01_0.VOB, kwa kawaida ni menyu tu. IFO ndiyo inayoieleza mashine ianze wapi na ifuate nini, na BUP ni nakala ya IFO endapo ya kwanza itaharibika.

Tatizo kubwa zaidi ni namna picha zilivyobanwa. DVD hutumia MPEG-2, na MPEG-2 ya DVD imepangwa kwa ajili ya kutazamwa mfululizo. Katika kundi la fremu (picha mojamoja zinazounda video) hadi 15, moja tu ndiyo picha kamili. Zilizobaki huhifadhi mabadiliko tu, na huhesabiwa kutokana na jirani zake. Ukitazama kutoka mwanzo hadi mwisho hakuna shida. Ukianza kuruka huku na huku, kukata hapa na kurudi pale, kompyuta inalazimika kupiga hesabu upya kila mara, na ndipo inapoganda.

Shotcut na Kdenlive, ambazo ni za bure, hufungua VOB bila malalamiko. DaVinci Resolve haifungui. Kuna wanaobadilisha jina la faili kutoka .VOB kuwa .mpg, na mara nyingine programu hukubali, lakini ukishaunganisha vipande kwa njia hiyo sauti huanza kuachana na midomo. Sipendekezi.

Basi nianze wapi?

Anza kwa kuinakili diski nzima kama ilivyo, kabla ya kufikiria uhariri. Nakala hiyo ni faili moja ya ISO, na ndani yake kila kitu kimebaki sawa na kwenye diski: menyu, sauti, kila fremu. Kwenye Windows tumia ImgBurn. Kwenye Mac kuna Disk Utility. Kwenye Linux tumia ddrescue, ambayo nitaieleza chini. Diski ya kawaida ya GB 4.7 itaonekana kwenye Windows kama GB 4.37, hakuna kilichopotea, ni namna tofauti ya kuhesabu.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu naona wengi wakifanya kinyume. Mtu huiingiza DVD, hutafuta programu ya kwanza anayoikuta mtandaoni, huibana video iwe MP4 ndogo ya MB 700 ili itoshe kwenye simu, kisha diski humpa jirani au huitupa. Miaka miwili baadaye anataka kuhariri, na kilichobaki ni nyuso zilizovurugika. Kila kubana kunaondoa kitu, na kilichoondolewa hakirudishwi na programu yoyote. DVD yenyewe tayari imeshabanwa mara moja, kwa hiyo usiibane ya pili kabla hujajua unachotaka.

Ukishapata ISO, ifungue kwa MakeMKV. Programu hii huisoma IFO, huunganisha VOB kwa mpangilio wake halali, na kukupa faili ya MKV bila kuibana upya hata kidogo. MKV hiyo ndiyo utakayofanyia kazi. ISO iweke kando, usiiguse.

Kompyuta yangu haina mahali pa DVD.

Nunua au azima kisomaji cha DVD cha USB. Vingine vinahitaji umeme zaidi ya ule unaotolewa na tundu moja la USB. Dalili yake ni diski kuanza kuzunguka na kusimama, kuzunguka na kusimama. Tumia waya wenye vichwa viwili, au tundu jingine la kompyuta. Ukimaliza kazi kifunike. Hewa ya chumvi na vumbi la mchanga huifikia lenzi haraka kuliko watu wanavyodhani.

Diski inakwama katikati, au haisomi kabisa. Imekufa?

Mara nyingi bado, ila usichelewe.

DVD za kuchoma nyumbani au studio si sawa na zile za filamu zinazotoka kiwandani. Ya kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa kwenye plastiki. Ya kuchoma ina tabaka la rangi ya kemikali, na miale ya mashine huigeuza rangi hiyo ili kuandika. Rangi hiyo hufifia kwa mwanga, kwa joto na kwa unyevu, na sisi tunaishi mahali penye vyote vitatu. Diski iliyokaa miaka kumi juu ya televisheni, karibu na dirisha linalotazama bahari, imepata taabu zote kwa pamoja. Ile iliyofungwa ndani ya kasha lake kwenye kabati la ndani, lenye kuta nene za matumbawe, huwa na hali nafuu.

Kwanza itazame. Kama ina chumvi au mchanga, usiisugue ikiwa kavu, maana utaikwaruza. Isuuze kwa maji safi yasiyo na chumvi, kisha ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski ni mgumu kusomeka kuliko unaoukata. Dawa ya meno iache kabisa. Kama kuna karatasi ya gundi iliyobandikwa juu, na imeanza kunyanyuka upande mmoja, usiing'oe kabla ya kunakili.

Pili, jaribu kisomaji kingine, na cha tatu. Visomaji hutofautiana sana katika kusoma diski iliyochoka, na si ajabu kile kizee cha kompyuta ya mezani kikaishinda kipya cha USB.

Tatu, tumia ddrescue kwenye Linux. Hata kama kompyuta yako ina Windows, unaweza kuwasha Linux kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo. Amri ya kwanza ni hii:

ddrescue -b 2048 -n -d /dev/sr0 arusi.iso arusi.map

Huchukua kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi na kuruka zile mbaya. Baada ya hapo rudia amri hiyohiyo, uondoe -n na uweke -r3, nayo itarudi kwenye sehemu mbaya na kuzijaribu mara tatu. Faili ya .map hukumbuka kilichopatikana na kilichobaki. Uzuri wake ni huu: unaweza kuhamisha diski kwenye kisomaji kingine, ukatoa amri ileile kwa faili zilezile, na kile cha pili kikajaza mapengo ya cha kwanza. Hata umeme ukikatika, utaendelea pale ulipoishia. Diski mbovu inaweza kuchukua usiku mzima. Iache ifanye kazi.

Pengo dogo lililobaki likiangukia kwenye video utaona vibonge vya rangi kwa muda mfupi, kisha picha inarudi. Hiyo inakatika kwenye uhariri, na arusi nzima imeokoka.

Kompyuta inasema diski ni tupu, lakini nyuma naiona imeandikwa.

Hiyo ni diski ambayo haikufungwa. Ilitokea sana kwa kamera zilizokuwa zikirekodi kwenye DVD ndogo za sentimita 8 zenye GB 1.4: mtu alirekodi, akaitoa, akaiweka bila kumalizia hatua ya mwisho. Kama kamera yenyewe ipo na inawaka, irudishe diski humo na uchague kufunga diski kwenye menyu. Kama haipo, IsoBuster kwenye Windows inaweza kuona kilichorekodiwa. Usikubali mtu akuambie aichome tena juu yake.

Nimepata MKV. Sasa niigeuze iwe nini?

Inategemea utahariri kwa nini, na hapa ndipo watu wanapotumia nguvu bure.

Ukihariri kwa Shotcut au Kdenlive, na kazi yako ni kukata na kuunganisha tu, usigeuze. Ingiza MKV kama ilivyo, na kama kompyuta inajikokota, iambie programu itengeneze nakala nyepesi za kufanyia kazi. Kama unataka tu kutoa kipande, tuseme dakika tano za dua, LosslessCut hukata bila kubana upya kabisa, ingawa mkato utaangukia kwenye fremu kamili iliyo karibu na pale ulipotaka.

Ukihariri kwa DaVinci Resolve, Premiere au Final Cut, geuza iwe ProRes 422 au DNxHR. Hizi ni kodeki za uhariri, yaani namna za kubana na kuhifadhi picha: kila fremu ni kamili, kompyuta haihangaiki, na upotevu wa ubora hauonekani kwa macho. Gharama yake ni nafasi. ProRes 422 ya ukubwa wa DVD, fremu 25 kwa sekunde, hula takriban GB 18 kwa saa; ukienda fremu 50 ni mara mbili yake. Faili itakuwa kubwa kuliko DVD iliyotoka na wala haitakuwa nzuri zaidi yake. Unacholipia ni wepesi wa kazi, na kazi ikiisha unaweza kuifuta kwa sababu MKV na ISO bado unazo.

Kama nafasi huna, kodeki ya H.264 yenye ubora wa juu inatosha. Kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, weka RF (namba ya ubora) kati ya 16 na 18, na mahali pa fremu chagua kiwango kisichobadilika. Ukiacha chaguo la kawaida, fremu hupanda na kushuka, na programu za kuhariri huchanganyikiwa sauti ikaanza kukimbia.

Jambo moja la kukumbuka: MKV, MOV na MP4 ni majina ya kasha la nje. Kodeki ndiyo iliyomo ndani. Mtu akikwambia "nipe MP4" hajakueleza bado lolote kuhusu ubora.

Kuna amri moja nitakayotumia bila kubonyezabonyeza?

Ipo, kwa FFmpeg, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kwa DVD ya kawaida ya hapa kwetu yenye picha ya 4:3:

ffmpeg -i arusi.mkv -vf "bwdif=mode=send_field,scale=768:576,setsar=1" -c:v prores_ks -profile:v 2 -c:a pcm_s16le arusi.mov

Kwa picha pana ya 16:9 badilisha 768 iwe 1024. Sehemu za amri hiyo zinaelezwa na maswali manne yanayofuata. Ukiwa na DVD nyingi, jaribu kwanza kwa dakika mbili: ongeza -t 120 kabla ya jina la faili ya mwisho, utazame matokeo, ndipo uiachie kazi yote.

Kwa nini watu wakitembea wanatoka mistari kama meno ya kitana?

Kwa sababu DVD nyingi za kamera za zamani hazikurekodi picha nzima kwa mara moja. Kenya tulitumia mfumo wa PAL: mistari 576, fremu 25 kwa sekunde. Lakini kila fremu ni nusu mbili, moja ya mistari ya witiri na nyingine ya mistari ya shufwa, na kati ya nusu hizo imepita sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Televisheni ya kioo kinene ilizionyesha kwa zamu na jicho likaona mwendo laini. Kompyuta huzionyesha pamoja. Mchezaji wa kirumbizi aliyeinua bakora yake haraka anakuwa mahali pawili ndani ya fremu moja, na ndiyo ile mistari unayoiona.

Chujio la bwdif, au yadif lililolitangulia, huzitenganisha nusu hizo. Ukitumia send_field kila nusu inakuwa fremu kamili, na video inakuwa ya fremu 50 kwa sekunde. Hiyo ndiyo ninayoipendelea kwa ngoma, kwa mbio za punda, kwa chochote chenye mwendo, kwa sababu inabakiza kila kilichorekodiwa. Ukitumia send_frame unabaki na fremu 25 na mwendo unakuwa mkavu kidogo; kwa mawaidha au mtu aliyekaa akizungumza haina ubaya.

Fanya kazi hii mara moja tu, mwanzoni, kabla ya kukuza picha. Ukikuza picha yenye mistari, mistari inagandamana na picha na huwezi kuitoa tena. Na kama baada ya kuchuja mwendo unaonekana kwenda mbele na kurudi nyuma kwa mtetemo, mpangilio wa nusu umegeuka. DVD nyingi huanza na nusu ya juu, lakini zilizotokana na kanda za DV mara nyingi huanza na ya chini. Andika bwdif=mode=send_field:parity=bff na mtetemo utatulia.

Watu wamekuwa wanene, au wamerefuka.

DVD ya PAL ina pikseli 720 kwa 576, iwe picha ni ya 4:3 au ya 16:9. Pikseli zake si mraba, na mashine hutanua au kubana wakati wa kuonyesha. Programu ya kuhariri isipoisoma alama hiyo huonyesha kama ilivyo na kila mtu anaharibika. Ndiyo maana amri hapo juu inaifanya 768 kwa 576, ambayo ni 4:3 kwa pikseli za mraba. Ukiiweka kwenye mradi wa HD itakuwa 1440 kwa 1080 na kubaki nafasi nyeusi kila upande. Iache nafasi hiyo. Kumtanua bibi arusi ili ajaze kioo ni kumkosea.

Mradi wangu niuweke fremu 25 au 30?

25 au 50 kwa DVD za hapa. Ukiweka 30, programu italazimika kurudia baadhi ya fremu, na zefe litatembea kwa kukwaruzika. Jamaa walioko Marekani wakikuletea diski, hiyo huenda ni NTSC: mistari 480, fremu 29.97 kwa sekunde. Ukiwa na zote mbili, chagua ile iliyo nyingi zaidi iwe ndiyo ya mradi, nyingine ifuate.

Na sauti?

Sauti ya DVD kwa kawaida ni AC-3 ya kHz 48. Igeuze iwe PCM, ambayo haijabanwa na hula karibu MB 700 kwa saa. Programu zote huikubali. Usibadilishe kHz 48 kuwa 44.1.

Rekodi za Maulidi zina tatizo lake. Matari yakipigwa kwa pamoja na kipaza sauti kiko karibu, kamera ndogo zilizidiwa na sauti ikakatika vilele. Kupunguza sauti hakurudishi kilele kilichokatwa. Unachoweza kufanya ni kushusha kidogo masafa ya juu ili ule mkwaruzo usiumize sikio. Chujio la kuondoa kelele litumie kwa uangalifu mno, kwa sababu programu haijui tofauti ya mvumo wa feni na mvumo wa watu mia wakiitikia kwa pamoja, na ukizidisha itavifuta vyote viwili.

DVD yangu ilitolewa kwenye kanda ya VHS. Kuna tofauti?

Ipo. Chini kabisa ya picha utaona mistari michache inayotetemeka. Ni ya kanda, ikate au ifunike. Lakini swali la kwanza liwe: kanda yenyewe bado ipo? Kama ipo na haijaota ukungu, kuirekodi upya kwa kifaa kizuri kunaweza kukupa picha bora kuliko DVD, hasa kama aliyeinakili alitaka saa nne zitoshe kwenye diski moja. Diski ya GB 4.7 yenye saa moja hupata karibu megabiti 10 kwa sekunde; yenye saa nne hupata kama 2.5, na mashine nyingi zilipunguza hata upana wa picha hadi pikseli 352. Ugumu ni kuipata mashine ya VHS iliyo nzima. Kampuni ya Funai ya Japani, inayojulikana kuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016.

Naweza kuifanya iwe HD, au 4K, kwa akili bandia?

Unaweza kuikuza hadi HD kwa ajili ya kuichanganya na video mpya, na ukuzaji wa kawaida uliomo kwenye programu yako unatosha. Hakikisha tu programu inajua kuwa rangi za chanzo ni za mfumo wa BT.601 na za mradi ni BT.709, ama sivyo wekundu na kijani vitahama kidogo.

Hizi programu za akili bandia ni jambo jingine. Zinachora. Uso uliochukua pikseli 30 kwenye DVD hauna habari za kutosha kuonyesha kope na mikunjo, kwa hiyo programu inabuni kope na mikunjo kutokana na nyuso nyingine ilizofunzwa nazo. Matokeo yanang'aa, na mara nyingi si mtu yuleyule. Kwa majahazi, kwa minara, kwa mapambo ya ukumbi, sina ugomvi nayo. Kwa uso wa nyanya yako aliyekwisha kufariki, na ambaye hana picha nyingine ila hiyo, nakusihi uiache ilivyo. Wajukuu watakaokuja wataamini kwamba alikuwa vile.

DVD ni ya sherehe ya wanawake. Niilete kwako?

Hili ndilo swali ninalolipa uzito kuliko yote.

Kwetu, kupamba na sherehe zake ni za wanawake peke yao. Wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza vugo na lelemama wakijua aliyeshika kamera ni mwanamke mwenzao na watakaotazama ni wanawake. Hiyo ndiyo ahadi iliyofanya wakubali kurekodiwa. Diski ilikuwa na mipaka yake: ilikaa kabatini, mwenye nyumba aliijua, na aliyetaka kuitazama aliomba. Faili haina mipaka hiyo. Ikishatoka kwenye diski, inaweza kufika Nairobi, Muscat na London kabla ya adhana ya magharibi.

Kwa hiyo kazi hii ifanywe na mwanamke, ndani ya nyumba au kwa fundi wa kike mnayemwamini. Hatua zote nilizoeleza hapo juu zinawezekana kwenye kompyuta ya nyumbani bila intaneti. Na ifanywe hivyo hasa: zimeni mtandao mpaka kazi iishe. Msitumie tovuti za kugeuza video wala huduma za kuikuza mtandaoni, kwa sababu kuzitumia ni kuipeleka video kwenye kompyuta ya mtu msiyemjua.

Halafu kuna mabaki ambayo wengi hawayajui. Programu ya kuhariri huacha nakala nyepesi, picha ndogondogo na faili za muda kwenye folda zake, na kufuta mradi hakuzifuti. Zitafuteni na kuzifuta. Simu iliyowekwa kuhifadhi picha mtandaoni yenyewe itapandisha kipande chochote kilichohamishiwa humo, kimyakimya. Zimeni chaguo hilo kwanza. Faili za mwisho ziwekeni kwenye diski yenye nywila. VeraCrypt ni ya bure na inafaa.

Na kabla ya kukata hata kipande cha sekunde kumi cha kuwekwa hadharani, ulizeni kila anayeonekana. Si bibi arusi peke yake. Aliyekuwa msichana wa miaka 15 siku ile leo ni mama wa watu, na aliyefariki hawezi kuulizwa. Asiyejulikana alipo, asionyeshwe. Familia ikitaka kitu cha kuwaonyesha wote, nikahi na zefe la bwana arusi vipo, na vilirekodiwa mbele ya watu.

Utanitolea na filamu za dukani?

Hapana. Zile zimefungwa kwa usimbaji na zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inawalinda. Ninachoeleza hapa ni kwa rekodi zenu.

Nahariri kwa simu tu, kwa CapCut.

Basi pitisha HandBrake au FFmpeg kwenye kompyuta ya rafiki, upate MP4 yenye H.264 na sauti ya AAC, mistari ikiwa imeshaondolewa. Simu haitaweza MPEG-2. Ukitumiwa kwa WhatsApp, mwambie aitume kama hati wala si kama video. Ikitumwa kama video hubanwa, na kama hati inapita ilivyo hadi GB 2.

Flashi inakataa faili ingawa ina nafasi.

Imepangwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja ya kufikia GB 4. Toa vilivyomo, ipange upya kwa exFAT, urudishe.

Nihifadhi wapi?

ISO na MKV kwenye diski mbili za nje, si moja, na moja ikae nyumba nyingine. Bora zaidi ikae nje ya kisiwa kabisa, kwa ndugu aliyeko Malindi au Mombasa. Flashi ni ya kubebea tu, usiifanye ghala. Mara moja kwa mwaka chomeka kila diski na ufungue faili chache uone kama bado zinacheza. DVD zenyewe usizitupe: zisimamishe wima ndani ya makasha yake, mbali na dirisha.

Faili nizipe majina gani?

Anza na mwaka, mwezi na siku kama unaijua, kisha tukio, kisha mtaa: 2006-08_arusi_Mkomani_nikahi.mkv. Usitumie nafasi wala alama za ajabu, maana amri za FFmpeg huzichukia. Kwa Maulidi andika na mwaka wa Hijria, kwa kuwa Mfungo Sita huhama kila mwaka katika kalenda ya kizungu na baadaye hutaweza kukisia.

Kando ya kila video weka faili ndogo ya maandishi yenye jina hilohilo. Humo andika nani alirekodi, nani anaonekana dakika ya ngapi, na nani ameruhusiwa kuitazama. Kaa na mama au shangazi, cheza video, simamisha kila uso usioujua, uulize, uandike. Saa mbili za arusi huchukua alasiri mbili au tatu kwa kazi hiyo, na inafaa kufanywa kabla ya kuanza kuhariri, kwa sababu utajua ni nyuso zipi hutakiwi kuzikata.